Mwaka mmoja na kinga ya friji nyumbani kwangu Pasua, Moshi: uzoefu wangu

Niliinunua kinga ya friji, yaani kiboksi cha kuilinda friji dhidi ya umeme unaoyumba, baada ya kuunguza kompresa (mota inayosukuma gesi ya ubaridi), na ninaandika haya nikimfikiria mtu ambaye kompresa yake bado ni nzima. Naishi Pasua, na friji yangu haihifadhi mboga za nyumbani peke yake, kwa sababu kila wiki naweka humo mtindi ninaowauzia majirani pamoja na akina mama wawili wa soko la Mbuyuni. Friji ikizimika siku mbili, kipato cha wiki nzima kimekwenda.

Kompresa ya kwanza iliungua jioni moja ya masika, umeme ulipokatika na kurudi mara tano ndani ya nusu saa. Nilikuwa jikoni, na nilisikia friji ikinguruma kidogo, ikatoa mlio mkavu wa "tak", ikanyamaza, kisha baada ya muda ikanguruma tena na kulia vilevile. Sikujua kwamba mlio ule ulikuwa dalili ya hatari, kwa hiyo niliiacha hivyo hadi asubuhi, nikakuta mtindi umepata joto na ubavu wa kompresa hauguseki.

Fundi aliyekuja kuifungua alinieleza jambo ambalo ningependa kila mwenye friji alijue. Aliniambia, "Mama, kukatika kwa umeme hakukuiua friji yako, kilichoiua ni umeme kurudi haraka." Kompresa inapofanya kazi husukuma gesi upande mmoja wa mabomba kwa mgandamizo mkubwa, na inapozimika gesi hiyo huhitaji dakika chache kupenya kwenye bomba jembamba hadi pande zote mbili zilingane. Umeme ukirudi kabla ya hapo, mota hujaribu kuwaka huku inasukumana na mgandamizo ule, inashindwa kuzunguka, inavuta umeme mwingi mara kadhaa kuliko kawaida yake, na nyaya zake za ndani zinapata moto. Ule mlio niliousikia ulikuwa wa kifaa kidogo cha usalama kilicho ubavuni mwa kompresa, ambacho hukata umeme joto likizidi na kuurudisha kikipoa, na kikilazimika kufanya hivyo usiku kucha huchoka.

Baada ya kubadilishiwa kompresa nilikwenda kwenye duka la vifaa vya umeme karibu na stendi kuu, nikanunua kinga. Ni kiboksi chenye ukubwa wa kiganja, nyuma kina pini tatu za kuchomeka ukutani, mbele kina soketi ya kupokea plagi ya friji, na juu kina taa tatu. Nyekundu inamaanisha umeme hauko sawa na friji imekatwa, njano inamaanisha umeme umerudi lakini kinga inasubiri, na kijani inamaanisha friji inapata umeme. Nilipokifikisha nyumbani nilikipima kwa saa ya simu: tangu taa ya njano ilipowaka hadi ya kijani zilipita dakika tatu na sekunde chache. Kipimo hicho ukifanye siku hiyohiyo uliyonunua, kwa sababu kinga isiyosubiri haina faida kubwa kwa friji hata kama taa zake zinapendeza.

Kwa kazi ya kusubiri, kinga yangu haijaniangusha hata mara moja kwa mwaka mzima. Masika yaliyofuata umeme ulicheza vilevile, na kila uliporudi niliiona taa ya njano ikiwaka, friji ikiwa kimya, hadi umeme ulipotulia. Watu wa nyumbani walichukua muda kuzoea, kwani mwanzoni kila mmoja alidhani friji imekufa na alikuwa anachomoa na kuchomeka upya, jambo linaloanzisha hesabu ya dakika tatu kutoka mwanzo.

Lakini kuna jambo ambalo muuzaji hakunieleza na ambalo limenisumbua sana. Kinga hukata umeme mbaya tu, haiutengenezi. Mtaani kwetu umeme huwa mdogo kuanzia saa moja jioni, watu wote wanapowasha taa, pasi na majiko, na fundi alipopima kwenye soketi yangu alikuta volti 178, wakati kiwango kinachotarajiwa ni 230. Kinga ilikuwa sahihi kabisa kukata, maana nguvu ya mota kuanza kuzunguka hushuka haraka kuliko volti zenyewe: volti zikipungua hadi 180, nguvu hiyo hubaki takriban asilimia 61. Hata hivyo, friji iliyokatwa kuanzia saa moja hadi saa nne usiku, kila siku, haiwezi kuutunza mtindi. Kwa miezi miwili nilipambana kwa kujaza chupa za maji kwenye friza zigande mchana, na jioni nikawa naihamishia moja kwenye kila rafu na kumkataza kila mtu kufungua mlango. Friji isiyofunguliwa hubaki na ubaridi wa kutosha kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa hudumu zaidi sana, kwa hiyo njia hiyo ilinisaidia, ingawa haikuwa suluhisho.

Hatimaye nilinunua stabilaiza ya VA 1000 (hicho ni kipimo cha uwezo wake), ambayo hupokea umeme mdogo na kuupandisha kabla ya kuupeleka kwenye friji. Ni nzito, inanguruma kidogo, na bei yake ilikuwa karibu mara tatu ya ile ya kinga. Nilihakikisha kwamba nayo ina muda wa kusubiri, kwa sababu si zote zinao. Kwa hiyo ushauri wangu unategemea mtaa wako: kama umeme wenu hukatika na kurudi lakini ukiwepo una nguvu, kinga inakutosha na usipoteze fedha zaidi; lakini kama taa zenu hufifia kila jioni, mlipe fundi apime volti saa mbili usiku, si saa nne asubuhi, kisha ununue stabilaiza moja kwa moja.

Jambo jingine ni ampea, yaani kiasi cha umeme kinachopita kwenye kifaa. Kinga yangu imeandikwa ampea 5, kiasi kinachotosha friji ya nyumbani, lakini binti wa dada yangu aliwahi kuchomeka hapo birika la umeme la wati 2000, ambalo huvuta karibu ampea 9. Chai ilichemka, na siku chache baadaye nilipochomoa plagi niliona plastiki ya tundu moja imekuwa ya kahawia na imelainika pembeni. Tangu hapo nimebandika karatasi iliyoandikwa FRIJI TU. Vilevile usiiweke kwenye ekstensheni yenye vifaa vingine. Ichomeke ukutani, na kama soketi ya ukutani imelegea, anza kwa kuibadilisha.

Baada ya kupata stabilaiza, kinga ile ya zamani sikuitupa. Nilimpelekea dada yangu anayeishi Taveta, ng'ambo ya mpaka wa Holili, na haikuhitaji adapta yoyote, kwa kuwa Kenya hutumia plagi ya pini tatu bapa kama zetu, na umeme wao ni wa volti 240, karibu sawa na wetu wa 230, na una hezi 50 kama wetu. Je, nilimpa ikiwa bado na lile tundu lililolainika? Hapana, nilimbadilishia soketi nzima kwa fundi kabla ya kuvuka, nikaipima tena kwa saa ya simu, na bado inasubiri dakika zake tatu.