Katambuga zangu, mwaka wa 4 sasa

Mwaka 2021 nilinunua sandali dukani kwa shilingi 35,000, zinang'aa, soli nyepesi kama sponji. Mwezi wa pili gundi ikaachia. Fundi viatu alijaribu kuzishona, lakini kila sindano ilipopita soli ilichanika. Nikazitupa. Bei iliniuma, ila kilichoniuma zaidi ni kwamba hakuna fundi aliyeweza kuziokoa.

Wiki hiyohiyo nikaenda kwa mzee anayekata katambuga, yaani sandali za tairi la gari, karibu na soko la Kilombero, Arusha. "Vua kiatu, mwalimu, kanyaga hapa." Akachora unyayo wangu kwa chaki juu ya kipande cha tairi, akachovya kisu kwenye maji (mpira mkavu hung'ang'ania kisu), akakata taratibu. Mikanda aliichuna kutoka tabaka la ndani, lile lenye nyuzi za nailoni, akaipitisha kwenye matundu ya soli na kuigongea misumari mifupi. Nililipa shilingi 10,000.

Mwezi wa kwanza zilinitesa kwelikweli. Ni nzito, zimepinda kama tairi lenyewe, na mkanda wa nyuma ulinitoa malengelenge kisigino. Kwenye vigae vilivyolowa sizivai kabisa. Na wewe ukienda kununua, kagua ukingo wa soli: tairi lenye nyaya likilika, ncha za chuma huchomoza na kukuchoma. Omba la nyuzi.

Lakini kila siku natembea kilomita 3 kwenda shuleni, njia ya mawe na miiba ya migunga. Miiba niliyoing'oa kwenye soli haina idadi, na hakuna hata mmoja uliofika mguuni. Mpira wa tairi umechanganywa na masizi ya kaboni na kupikwa na salfa ili ubebe gari. Uzito wangu mimi si kitu kwake. Mistari ya tairi bado inaonekana chini.

Mwaka jana mkanda mmoja ulikatika. Fundi wa jirani, ambaye hakuzitengeneza yeye, aliutazama mara moja tu, akang'oa msumari na kuweka mkanda mpya kwa shilingi 1,000, nami nimesimama kwa mguu mmoja nikisubiri. Kwangu mimi kiatu imara ni hicho: kikiharibika, fundi yeyote anajua pa kushika.

Mwezi uliopita nilimpeleka mwanangu wa miaka 9 kwa yule mzee. Alipomchora unyayo, alimwachia nafasi ya kidole kimoja mbele, maana mguu utakua kabla soli haijaisha.