Pampu ya Upepo ya Gari la Kambi: Usidanganywe na Namba ya Kwenye Boksi

Watu wangu, karibuni. Hapa mezani nina mashine tatu za kujaza upepo, na pale nje imesimama Hiace iliyotolewa viti ikawekwa kitanda na jiko. Swali la leo ni moja tu: ukiwa na vani ya kulala ndani, au Land Cruiser yenye hema juu ya paa, ununue mashine ipi?

Kama gari lako ni dogo, la kwenda kazini Westlands na kurudi Donholm jioni, sitakuchosha. Mashine yoyote inayowaka itakutosha, na kituo cha mafuta kiko kila kona. Mimi leo naongea na yule anayelala Olorgesailie, au anayevuka jangwa la Chalbi kwenda Turkana, ambako ukitoboka hakuna fundi wa pancha aliyekaa chini ya mti anakungoja.

Tuanze na boksi. Kamera, sogea hapa. Hili limeandikwa PSI 150, yaani kipimo cha presha ya upepo, nyekundu, herufi kama za bango la kampeni. Hili jingine, ambalo mashine yake inaingia mfukoni, limeandikwa 300. Mia tatu! Jamani, trela linalokokota kontena kutoka bandarini halihitaji upepo wa hivyo. Hiyo namba inakwambia mashine ikilazimishwa itasukuma hadi wapi kabla ya kushindwa, basi. Haisemi itachukua muda gani, na haisemi itafika huko ikiwa bado nzima.

Kitu cha kutafuta kwenye boksi ni lita kwa dakika. Kwa kawaida kimeandikwa upande wa nyuma, herufi ndogo, na wengine hawakiandiki kabisa. Hapo ujue kuna sababu. Na hata ukikikuta, kile ni kipimo cha mashine ikipuliza hewani bila kuzuiwa na chochote. Ukiifunga kwenye tairi, kadiri presha inavyopanda ndivyo upepo unaotoka unavyopungua. Mashine inayojisifia lita 30 inaweza kubaki na nusu yake tu tairi likifika PSI 50.

Sasa njooni tuliangalie tairi lenyewe. Hili ni la saizi 195R15C, lile la Hiace nyingi mnazoziona barabarani. Hapa ubavuni, nifute vumbi kidogo, imeandikwa kikomo chake: kPa 450, yaani PSI 65. Hicho ni kikomo, si kipimo cha kujaza. Kipimo chako kiko kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, na kwa sababu gari zetu nyingi zimetoka Japani zikiwa zimeshatumika, kibandiko kitakuwa na maandishi usiyoyajua. Usihangaike. Tafuta namba ya kPa, igawanye kwa 7, umepata PSI zako kwa karibu. Imeandikwa 350? Hiyo ni 50. Na upime asubuhi kabla gari halijatembea, kwa sababu tairi likishapata moto presha hupanda yenyewe, na ukiipunguza wakati huo, kesho yake utakuta tairi limelegea.

Twende hesabu, na mnivumilie kidogo. Ndani ya tairi kama hili kuna nafasi ya lita 40 hivi. Tuseme umelishusha hadi PSI 25 ili upite mchangani, sasa umetoka na unataka kurudi 50. Kupandisha hizo 25 tu kunahitaji karibu lita 70 za hewa ya pwani. Ya Nairobi ni zaidi, inakaribia 85. Kwa nini? Kwa sababu hapa tuko juu, mita 1,700 hivi, na hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu sehemu moja ya tano. Pistoni inavuta kiasi kile kile kila ikizunguka, lakini inachovuta kina hewa kidogo. Kwa hiyo mashine iliyomaliza kazi Nyali kwa dakika nne, ukiileta Limuru usiipeleke kwa fundi ukisema imeharibika.

Mashine ya lita 30, ambayo tairi likipanda inabaki na 15, itachukua dakika kama tano au sita kwa tairi moja. Unasema, dakika sita ni nini? Zidisha kwa manne. Halafu fungua kile kijitabu cha maelezo ambacho huwa tunakitupa pamoja na boksi. Hiki hapa kinasema: usiwashe zaidi ya dakika 10 mfululizo, kisha iache ipoe. Yaani ukimaliza tairi la pili uko mpakani, na mawili bado. Hapa ndipo mashine nyingi hufia. Watu husema ni ya bandia, kumbe imefanyishwa kazi ya saa moja bila kupumzishwa.

Subirini niwaonyeshe. Hii nimeiacha ikifanya kazi tangu nianze kuongea. Natia tone la maji hapa juu ya kichwa cha silinda. Mmesikia? Maji yamechemka na kukauka kabla sijaondoa mkono. Sasa angalia pale mpira unapoingia kwenye silinda. Hii aina ina kiungo cha plastiki pale, na harufu hii ninayoisikia ni ya hiyo plastiki. Ile ya pili ina kiungo cha shaba na mpira uliofumwa nyuzi. Bei zao hazikupishana sana, lakini ukiniuliza ninunue nini kwa macho tu, bila kusoma chochote, nitaangalia hapo.

Kuna kampuni zinazosema ukweli kuhusu mapumziko. VIAIR ya Marekani, kwa mfano, ile 400P-RV imetengenezwa kwa magari makubwa ya kambi ya kule, ambayo matairi yake hutaka PSI 80, mengine hata zaidi ya 100. Wameandika wazi: kwa PSI 100, ifanye kazi asilimia 33 ya muda. Dakika kumi kazi, ishirini mapumziko. Ni mashine ya bei ya juu, na bado inaomba kupumzika. Sasa hii ya shilingi elfu mbili, tatu, ya Luthuli Avenue, inayojidai haina haja ya kupumzika, unaiaminije?

Umeme. Hapa nataka mnisikilize vizuri. Mashine ndogo huchomekwa kwenye laita, lile tundu la kuwashia sigara kwenye dashibodi. Laita ya gari nyingi imelindwa na fyuzi ya ampea 10 au 15. Kumi na tano mara volti 12 ni wati 180, na hapo huna zaidi. Mashine yoyote yenye nguvu ya maana inapita hapo. Ile VIAIR 88P, ambayo ni ndogo kwa ndugu zake, inavuta hadi ampea 20, na hiyo 400P-RV ni 30. Ndiyo maana zinakuja na klipu za kubana moja kwa moja kwenye betri, nyekundu na nyeusi. Ukiona muuzaji anakuuzia mashine anayosema ina silinda mbili na nguvu kama nini, halafu mwisho wa waya kuna kichwa cha laita peke yake, kuna mmoja kati yenu wawili anayedanganywa. Na tafadhali, usibadilishe fyuzi ukaweka kubwa zaidi ili ipite. Waya wa ndani ya dashibodi haujabadilika, ni ule ule mwembamba, na ndio utakaoungua.

Ukijaza, injini iwe inanguruma ili betri isiishe, na uwe nje mahali penye hewa. Si ndani ya gereji iliyofungwa.

Na wenzangu wenye mabasi madogo ya Rosa mliyoyageuza nyumba, ninyi umeme wenu ni wa volti 24. Hizi zote tatu hapa mezani ni za 12. Ukizibana pale zinaungua. Tafuta iliyoandikwa 24, zipo, wenye malori wanazitumia. Halafu nyie nyuma mna matairi pacha, na valvu ya tairi la ndani imejificha. Kichwa cha kawaida cha kukunja hakifiki. Mnahitaji kile cha chuma chenye shingo ndefu na midomo miwili, wanachotumia vijana wa matairi pale Kirinyaga Road. Kinauzwa peke yake, na ununue kabla ya safari.

Mpira wa upepo upimeni kabla ya kulipa. Hiace ya kawaida ina urefu wa karibu mita 4.7. Mashine ikibanwa kwenye betri, waya na mpira vikijumlishwa lazima vifike tairi la nyuma la upande wa pili, tena bila kuvutwa kama kamba ya mbuzi.

Za betri ya ndani, zile za kuchaji kama simu? Nazipenda, kwa kweli. Zinajizima zenyewe presha ikifika, na kwa baiskeli au Vitz ziko sawa kabisa. Kwa vani iliyobeba kitanda, maji na mtungi wa gesi, chaji itaisha ukiwa tairi la pili au la tatu. Na usiiache kwenye dashibodi Magadi saa saba mchana, betri ya litiamu haipendi joto lile.

Geji iliyojengewa ndani ya mashine isikutie wasiwasi wala isikupe imani. Mashine ikiwa inasukuma, geji inasoma presha ya kwenye mpira, ambayo iko juu kuliko ya ndani ya tairi. Zima, subiri kidogo, ndipo usome. Bora zaidi nunua geji ya mkono, uiache kwenye droo ya gari.

Kwa hiyo mimi, kwa Hiace ile pale, nimechagua hii ya katikati: silinda mbili, klipu za betri, kiungo cha shaba, lita 70 kwa dakika. Tairi moja kutoka 25 hadi 50 inachukua kama dakika mbili na nusu, na yote manne yanaisha ndani ya muda ulioruhusiwa. Ni nzito, inapiga kelele kama posho mill, na mkoba wake wa kitambaa utachanika mapema. Ninaichukua hivyo hivyo.

Ukienda dukani, mwombe muuzaji aibane kwenye betri ya gari lako na ajaze tairi mbele yako hadi 60, si 30. Kwenye 30 zote ni hodari. Akikataa, duka la pili liko hatua tatu. Wenye Rosa, niandikieni hapo chini ukubwa wa matairi yenu, nikitafuta ya volti 24 nijue napima kwa tairi gani.