Mwaka wangu wa mazoezi baada ya kiharusi, hapa Mwanza

Kliniki yenyewe sitaitaja jina. Nina ya kuisifu na nina ya kuilalamikia, na watu wa pale bado naonana nao. Ni kliniki binafsi ya mazoezi ya viungo katikati ya jiji, ukumbi mmoja na vyumba viwili vidogo. Nilianza Aprili 2024, mara tatu kwa wiki miezi miwili ya kwanza, kisha mara mbili, kisha mara moja. Naandika kwa ajili ya mwenye mgonjwa nyumbani sasa hivi ambaye ameambiwa "mwacheni apumzike". Mimi nimepumzika wiki tatu, na kila siku ya hizo wiki tatu niliilipia baadaye.

Nauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Kiharusi kilinikuta alfajiri, nina miaka 47, nafunga kanga niende kupokea mzigo wa kutoka kisiwa cha Goziba. Mkono wa kulia ukaachia kanga. Nikainama kuiokota, nikaenda chini moja kwa moja. Nilisikia kila kitu: watoto wanalia, wifi anaomba, jirani anasema nimetupiwa kitu. Nilitaka kuwaambia ni presha, nimeacha vidonge tangu Krismasi kwa sababu nilijisikia mzima. Ikatoka sauti tu, haina neno ndani yake.

Hospitalini waliniokoa, na hilo sitalisahau. Lakini siku 12 nilizolala wodini hakuna aliyemwonyesha mwanangu namna ya kunigeuza wala kunikalisha. Kila aliyetaka kuninyanyua alinivuta kwa mkono ule ule uliolegea. Bega likaanza kuuma, likauma miezi minne. Kliniki ndiyo waliokuja kutueleza: misuli ya bega ikishalegea, mkono unabaki unaning'inia, na ukiuvuta unauteremsha kutoka kwenye kiungo chake. Mgonjwa wa kiharusi asivutwe mkono jamani. Ashikwe mgongoni na kiunoni.

Na jingine hilo hilo la kutojua. Wifi yangu kwa upendo wake alinikanda maji ya moto kama tunavyokanda mzazi. Upande wa kulia haukusikia kitu. Asubuhi paja lilikuwa limebabuka. Aliulaumu mkono wake mwenyewe kwa miezi, na mimi sikuwa na maneno ya kumwambia si kosa lake. Kama mgonjwa hasikii vizuri upande mmoja, maji yapimwe na mkono wa mtu asiyeumwa kwanza, na yawe ya vuguvugu.

Sasa mambo ya njia, maana wengi mtakwamia hapo. Nakaa Igogo, kule juu kwenye mawe. Bajaji inaishia chini. Kutoka barabarani hadi mlangoni kwangu kuna vipandio 71, vingine vimepigwa sementi, vingine ni mwamba wenyewe. Siku za kliniki vijana wanne walinishusha kwenye kiti cha plastiki, kila mmoja shilingi 1,000 kushuka na 1,000 kupanda. Bajaji 5,000 kwenda, 5,000 kurudi. Yaani 18,000 imetoka kabla hujatoa 15,000 ya mazoezi. Hakuna aliyetuambia mapema kwamba usafiri ndio utakula hela kuliko tiba. Kuna wiki mbili nzima Julai sikwenda kwa sababu hiyo tu, na vidole vikaanza kujikunja ndani ya kiganja.

Aliyenifanya niendelee ni binti mmoja, mtaalamu wa tiba kazi, yaani wa kumrudisha mgonjwa kwenye shughuli zake za kila siku, amesomea hospitali ya KCMC kule Moshi. Siku ya kwanza hakugusa mguu wala mkono. Aliuliza, "Mama, siku yako ya kawaida ilikuwa inaanzaje?" Mwanangu akaanza kujibu. Akamwambia kwa adabu, "Kaka, tumsubiri mama." Tukasubiri. Sijui dakika ngapi. Nikatoa "da", nikatoa "da" nyingine. Akasema, "Dagaa." Nikalia. Tangu nianguke hakuna mtu aliyekuwa amenisubiri.

Mkono tulianza na kioo. Alisimamisha kioo mezani katikati ya mikono yangu, mkono wa kulia ukiwa umejificha nyuma yake. Nafungua na kufunga mkono wa kushoto huku naangalia kioo, na ninachokiona ni mkono wa kulia unafungua na kufunga. Alinieleza kwamba upande wa kushoto wa ubongo ndio unaouongoza mkono wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye kauli pia, ndiyo maana nilipoteza vyote viwili kwa pamoja. Kilichokufa hakifufuki, ila sehemu zilizobaki zinaweza kufundishwa kazi, na zinafundishika kwa kurudia. Siyo mara kumi kwa siku ya kliniki. Mamia ya mara, kila siku, nyumbani.

Wiki ya sita akaja na sinia na dagaa wa kukausha, kama nusu kilo. Nichambue: wakubwa kushoto, wadogo kulia, furu na vipande vya magamba ya konokono pembeni. Kazi niliyoifanya miaka 20 bila kuitazama. Kidole gumba kilikuja kama kinatoka mbali, kikampita dagaa, kikarudi. Nikambana. Alipokuwa amebanwa sikuweza kumwachia. Watu hudhani kushika ndiko kugumu. Kwangu kazi ilikuwa kuachia. Kichwa cha dagaa kikavunjikia vidoleni. Dakika 20, dagaa saba. Shingo ilikuwa imelowa jasho. Akamwambia mwanangu, "Sinia hili libaki nyumbani, kila asubuhi na kila jioni." Mwanangu alikuwa anaandika idadi kwenye daftari. Saba, saba, tisa, sita, kumi na moja. Mwezi wa Septemba tukaacha kuhesabu mmoja mmoja, tukapima kwa kikombe.

Mtaalamu wa kauli sikumpata. Hilo ni pengo kubwa na sitalifunika. Kilichonisaidia tulikigundua kwa bahati: wanakwaya walikuja kuniombea, wakaimba, na mimi nikaimba ubeti mzima, maneno yote yamekaa sawa, wakati jina la mwanangu mwenyewe lilikuwa bado halitoki. Binti aliposikia akafurahi sana, akasema nyimbo na maneno ya mazoea yana njia nyingine kichwani. Basi tukawa tunaanzia hapo. Tunaimba, tunakata wimbo katikati, nasema neno linalofuata.

Malalamiko yangu kwa kliniki. Mlangoni kuna vipandio vitatu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Kwa sehemu inayopokea watu wasioweza kutembea, inaumiza. Choo ni cha kuchuchumaa. Dakika zilizolipiwa ni 40, siku zenye watu wengi ukapata 20. Na mapokezi walimwuliza mwanangu, "Huyu anaendeleaje?" mimi nimekaa mbele yao nasikia. Nimepoteza kauli, sijapoteza akili. Nilipoweza kusema niliwaambia, na wakaomba radhi.

Lakini mtaalamu mwingine wa pale, aliyenifanyisha mazoezi ya mguu, alifanya jambo ambalo sikutegemea. Alipanda Igogo mwenyewe Jumamosi moja, akahesabu vipandio, akapima kwa mkono vile vya mwamba vilivyo virefu, akamwomba fundi wa mtaani aongeze jiwe sehemu mbili na afunge bomba la kushikia palipo na mteremko mkali. Kisha pale kliniki akanifundisha kwa urefu ule ule, kwa matofali. Kupanda, mguu mzima unatangulia. Kushuka, mguu mgonjwa unatangulia, fimbo ikiwa mkono mzima. Nilirudia hayo maneno usiku kitandani.

Desemba 2024 nilishuka kwa miguu yangu. Mwanangu nyuma ameshika kanga niliyofungwa kiunoni, wifi mbele. Akina mama waliokuwa wanapanda na ndoo za maji wakasogea pembeni wakakaa kwenye mawe, hakuna aliyesema neno. Kipandio cha 40 na kitu mguu ukatetemeka, nikaegemea mwamba mpaka ukatulia. Chini kabisa kuna mzee anayeshona viatu. Akaniangalia, akanisalimia kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," yaani umeamkaje, mama. Nikamjibu "Mwangaluka, baba" bila kulitafuta neno.

Kwa anayetaka hesabu: mwaka wa kwanza mahudhurio 83, sawa na shilingi 1,245,000 za kliniki peke yake, sina bima. Nililipa kwa kuuza mtaji na kwa michango ya wenzangu wa Mwaloni. Kama unaanza leo, ulizia siku ya kwanza jumla inaweza kufika ngapi, na omba wamfundishe mtu mmoja wa nyumbani kila zoezi kwa vitendo, halafu alifanye mbele yao. Aje huyo huyo kila mara. Vidonge vya presha usiviache hata siku unayojisikia vizuri. Baba mdogo aliniletea mtu wa kunichua kwa mafuta. Mafuta niliyakubali, aliposema niache vidonge nilikataa.

Sasa nashinda Mwaloni nusu siku, nimekaa, natumia fimbo. Bado naenda kliniki Alhamisi. Tunafanya sarafu: kuingiza mkono wa kulia kwenye pochi bila kuangalia, nitoe ya 50 na nisitoe ya 200. Wiki iliyopita nilipatia tatu kati ya kumi, na ya nne niliitoa nikashindwa kuiachia.