Unga Mbadala wa Mayai: Tathmini Baada ya Miezi Minne Jikoni

Mwanangu ana umri wa miaka sita na ana mzio wa mayai, kwa hiyo nyumbani kwetu Dar es Salaam yai haliingii kwenye keki, biskuti wala mkate. Kwa miezi minne nimekuwa nikitumia unga mbadala wa mayai unaouzwa katika maduka makubwa, ule uliotengenezwa kwa wanga wa viazi na wanga wa muhogo pamoja na viambato vya kuumusha, huku nikiulinganisha na vitu ambavyo aghalabu havikosekani kabatini. Pakiti niliyonunua ilinigharimu zaidi ya bei ya trei mbili za mayai, na ndiyo maana nimeona inafaa kuieleza kwa kirefu.

Kabla ya ladha, usalama. Katika duka la kwanza nililoingia, muuzaji alinipa kwa moyo mweupe kopo lililoandikwa kuwa ni mbadala wa mayai, nami ningeondoka nalo kama nisingesoma orodha ya viambato na kukuta kwamba cha kwanza kabisa ni ute wa yai uliokaushwa. Bidhaa za namna hiyo huwalenga watu wanaoepuka lehemu (kolesteroli) iliyomo kwenye kiini, na kwa mtoto mwenye mzio hazina tofauti na yai lenyewe. Neno albumini, yaani protini ya ute wa yai, likionekana kwenye pakiti, irudishwe rafuni. Wapo pia wanaoamini kwamba moto wa oveni humaliza tatizo, ilhali protini ya ute iitwayo ovomukoidi hustahimili joto. Ni kweli kwamba baadhi ya watoto wenye mzio huweza kula yai lililookwa ndani ya keki bila kudhurika, lakini hilo hupimwa mbele ya daktari, si sebuleni kwa bibi siku ya sikukuu.

Unga wenyewe hautumiki kwa shida: kijiko kidogo kimoja hukorogwa na vijiko vikubwa viwili vya maji badala ya kila yai. Kwenye biskuti sina la kulalamikia. Hushikana vizuri, hukatika kwa sauti, na jirani yangu aliyekula nne hakujua kwamba zimekosa kitu. Keki ndogo za vikombe nazo hutoka vyema zikiliwa siku hiyohiyo, ingawa kesho yake huanza kukauka pembeni. Kasoro hujitokeza pale kipimo kinapotaka mayai matatu au zaidi, kwani keki yangu kubwa ya vanila iliumuka kwa matumaini makubwa, kisha ikabonyea katikati mara tu nilipoitoa, na ndani ikawa na unyevunyevu wa kunata kama ugali wa muhogo.

Sababu yake si ngumu kuielewa. Yai moja lililotolewa ganda huwa na uzito wa gramu 50 hivi, na takribani robo tatu yake ni maji. Sehemu iliyobaki, hasa protini, hushika hewa wakati wa kupigwa, huunganisha mafuta na maji, kisha hukaza kwa joto na kuwa kama kuta zinazoibeba keki. Wanga unaweza kushika maji, na kwa kiasi fulani unaweza kuunganisha, lakini kuta za namna ile hauzijengi. Mbegu za kitani zilizosagwa, kijiko kikubwa kimoja katika vijiko vikubwa vitatu vya maji na kuachwa dakika kumi hadi ziwe na utelezi, zina upungufu uleule na huacha vidoadoa, japo katika keki ya karoti hazionekani. Ndizi iliyopondwa hulainisha keki, ila kila kitu huwa na ladha ya ndizi.

Kwa keki ya kakao, mshindi wangu ni siki na magadi soda, njia ambayo haina cha ajabu wala cha ghali. Kwa vikombe kimoja na nusu vya unga wa ngano natumia kijiko kidogo kimoja cha magadi soda, kijiko kikubwa kimoja cha siki, mafuta ya kula na kikombe kimoja cha maji. Siki ikikutana na magadi, gesi huanza kutoka papo hapo, hivyo oveni lazima iwe tayari ni moto, na anayeoka kwa jiko la mkaa awe ameshaandaa makaa ya kuweka juu ya mfuniko kabla ya kumimina siki. Mara mbili nilichelewa kwa sababu ya simu, na mara zote mbili tulikula kitu kizito mfano wa tofali.

Maji yaliyochemshiwa dengu, zile zenye kidomo, huumuka povu jeupe kama ute wa yai yakipigwa kwa mashine. Mfaransa Joël Roessel ndiye aliyeonyesha jambo hilo mwaka 2014. Nimeyatumia kwa mapambo ya juu na yamenifurahisha, ila dengu nazo huwadhuru baadhi ya watoto.

Pakiti nyingine nitainunua Sikukuu ikikaribia, kwa ajili ya biskuti peke yake. Mkate wa mayai nimekubali kuuacha, kwa kuwa uzima wake wote ni mayai yaliyopigwa na sukari hadi yakaumuka, na majaribio yangu matatu, moja kwa unga huu na mawili kwa maji ya dengu, yaliishia kwa kuku wa jirani. Mahali pake mezani pamechukuliwa na vitumbua, ambavyo kwetu havijawahi kutiwa yai.