Gitaa lisilo na nakshi

Gitaa hili nililinunua Malindi mwezi wa Novemba kwa shilingi 34,000, likiwa limeundwa kwa mkono tangu kichwa hadi daraja, kile kibao cha usoni kinachoshika nyuzi, na limekaa nami hapa Lamu Kaskazi nzima, masika yote na mwanzo wa Kusi. Jina la karakana silitaji, kwa kuwa nina lalamiko moja juu yake, na si uungwana kumwanika fundi kwa kosa lililorekebishika nyumbani kwa saa moja. Mengine nitakayoyasema ni sifa kwa sehemu kubwa.

Mimi ni mpigaji wa udi, wa barazani zaidi kuliko wa jukwaani, maana katika mji uliomzaa Zein l'Abdin, bingwa wa ala hiyo, mtu hajisifu kwa udi bila kuchekwa. Gitaa la klasiki nililitafuta kwa ajili ya vijana watatu ninaowafundisha baada ya sala ya alasiri. Walikuwa wakijifunzia gitaa la kiwandani la plaiwudi, mpaka mmoja wao alipolifunga nyuzi za chuma akitaka lilie kwa nguvu. Nyuzi sita za nailoni zikiwa zimekazwa ipasavyo huvuta kwa nguvu ya takriban kilo 40, ilhali za chuma hufikia kilo 70 na zaidi, na gitaa la klasiki halikuundwa kubeba mzigo huo. Asubuhi tulilikuta daraja limebanduka, limeng'oa na tabaka la juu la plaiwudi.

Karakanani nilionyeshwa magitaa matatu. La kwanza lilikuwa na nakshi pembeni mwa tundu la sauti, maua na mizabibu iliyochongwa kwa ustadi, na fundi akaniambia kwa uchangamfu, "Mwalimu, hili ndilo la kwenu Lamu." Kweli lilifanana na fremu ya mlango wa Mkomani, na sisi watu wa Lamu ugonjwa wetu ni huo, kwamba tukiona nakshi tunasahau kuuliza mengine. Lakini uso wa gitaa ndio unaotoa sauti, na ubao wake hauzidi sana milimita mbili na nusu kwa unene, hivyo kila mchongo unaopita hapo unapunguza kitu. Zaidi ya hayo, lile la nakshi lilikuwa ghali zaidi kwa shilingi 11,000, nami nilishindwa kuona fedha hizo zingesikika wapi.

Jambo la kwanza nililolitazama ni ukingo wa tundu la sauti. Ubao ukiwa ni mmoja, mistari ya mti inayoonekana juu ya uso hushuka moja kwa moja hadi kwenye ukingo bila kukatika. Ukiwa ni plaiwudi, ukingoni utaona tabaka mbili au tatu, mara nyingi ile ya katikati ikiwa na rangi nyingine. La pili kati ya yale matatu lilikuwa na tabaka, ingawa fundi hakulificha hilo na bei yake ilikuwa ya chini kwa haki. La tatu, ambalo ndilo nililolichukua, lilikuwa na uso wa mwerezi mwekundu wa Amerika Kaskazini, mistari yake ikiwa imesongamana na kunyooka kama ukindu uliochambuliwa. Wengi hupendelea sprusi, mti mwingine unaotumika kwa uso wa gitaa, ambayo sauti yake ni angavu na hukomaa kadiri miaka inavyopita; mwerezi huanza kusema mapema na sauti yake ina joto. Kwa mwanafunzi anayetaka kusikia matunda ya kazi yake leo, mwerezi unanitosha.

Mgongo na mbavu ni mvule, shingo ni mkangazi, na ubao wa vidole ni mpingo. Mpingo ni mti mzito hata ukitiwa majini huzama, na kwa ubao unaosuguliwa na nyuzi kila siku sijui mti mwingine wa kwetu unaoushinda. Nilimulika ndani kwa tochi ya simu, huku nimeingiza kioo kidogo cha kunyolea ndevu, nikaona vijiti saba vilivyotawanywa chini ya uso kama mbavu za kipepeo cha mkono. Huo ndio mpango ambao Antonio de Torres wa Almería, Hispania, aliukamilisha katika karne ya 19, na mafundi wengi bado wanaufuata. Gundi ilikuwa imechuruzika katika viungo viwili na haikufutwa. Ni uzembe mdogo wa macho, lakini viungo vyenyewe vilikuwa vimeshika.

Kisha nikatoa rula. Fundi alicheka, na mimi sikuacha. Kutoka mfupa wa juu, ule unaobeba nyuzi karibu na kichwa, hadi freti ya 12, yaani kijichuma cha 12 kilichopita shingoni, nilipata milimita 325, ambayo ni nusu ya 650, urefu wa kawaida wa uzi wa gitaa la klasiki. Kutoka hapo hadi mfupa wa daraja kulikuwa na milimita moja na ushei ya ziada, kama inavyopasa, kwa sababu uzi ukibonyezwa hukazika kidogo na sauti ingepanda isingalifidiwa. Upana wa shingo kwenye mfupa wa juu ni milimita 52. Hapo vijana wenye vidole vifupi hulalamika, lakini nafasi hiyo ndiyo inayouwezesha mkono wa kulia kuchagua uzi bila kugusa jirani yake. Juu ya freti ya 12 uzi wa kwanza ulikuwa umeinuka milimita 3 na wa sita milimita 4. Nilifumba jicho moja nikatazama shingo kwa urefu wake kama seremala anavyotazama boriti, nikaiona imenyooka. Mwisho nilipitisha kiganja ukingoni mwa shingo, na freti mbili zikanikwaruza. Fundi alizipiga tupa hapo hapo.

Safari ya kurudi ilikuwa ya basi hadi Mokowe na mashua hadi Lamu, gitaa likiwa mapajani mwangu muda wote, kwa sababu kondakta alitaka kulitia chini pamoja na magunia ya vitunguu.

Sasa lalamiko. Karakanani gitaa lilisikika vizuri kwa nyuzi za chini, lakini zile tatu za juu zilikuwa na jambo nisilolielewa: nikipatanisha uzi ukiwa wazi, katika freti ya 12 sauti ilipotoka, na upotofu wenyewe ulitofautiana kati ya uzi mmoja na mwingine. Nilidhani ni masikio yangu ya udi, ambao hauna freti. Jirani yangu ni mvuvi, alipokuja barazani jioni ya pili akashika uzi wa kwanza kati ya vidole viwili, akauvuta kidogo, akasema, "Ami, huu ni mshipi." Ulikuwa mshipi wa kuvulia kweli, na wa pili na wa tatu pia. Kwa asili si kichekesho, maana nyuzi za magitaa ya klasiki zilikuwa za utumbo wa wanyama mpaka miaka ya 1940, Albert Augustine alipotengeneza za nailoni huko New York na Andrés Segovia, mpigaji mashuhuri wa Hispania, akazikubali, na mshipi nao ni nailoni. Tofauti ni kwamba uzi wa muziki hupimwa unene wake kuwa sawa mwanzo hadi mwisho, ilhali samaki hajali mshipi ukiwa mnene zaidi kidogo hapa kuliko pale. Fundi aliyekwenda umbali wote huo hadi mwerezi wa Amerika kisha akabana matumizi kwenye nyuzi amefanya mchezo wa kupika biriani na kuitilia mchele wa chenga.

Niliagiza Mombasa seti ya nyuzi za D'Addario EJ45, ya mkazo wa kawaida. Ya mkazo mkubwa siipendekezi kwa gitaa la bei hii wala kwa mji wenye unyevu kama wetu.

Katika kubadilisha nyuzi ndipo wengi huharibu. Kwanza nilikunja kanga kuukuu nikaiweka juu ya uso, nyuma ya daraja, ili uzi ukichomoka usiugonge mwerezi, ambao ni laini na hupata kovu hata kwa ukucha. Nilibadilisha uzi mmoja mmoja, nisiondoe mzigo wote kwa pamoja. Uzi hupitishwa katika tundu la daraja kutoka upande wa tundu la sauti, ukaachwa mkia wa sentimita kama 10. Mkia hurudishwa juu ya daraja, ukapita chini ya uzi wenyewe pale unapoingilia, kisha ukasokotwa kwenye kitanzi chake. Nyuzi tatu nene, zenye waya, hutosheka na msokoto mmoja. Zile za nailoni tupu zinateleza kama mkunga, kwa hiyo nilizipa misokoto mitatu, na ule wa kwanza niliuchoma ncha kwa kiberiti ili upate kichwa kidogo cha kuuzuia. La muhimu kuliko yote ni kwamba msokoto wa mwisho ubanwe nyuma ya ukingo wa daraja, si juu yake. Ukibaki juu, fundo linafunguka polepole na usiku wa manane utasikia mlio kama wa kofi. Kichwani uzi hupita katika tundu la kijiti cheupe, ukazunguka na kupita tena, halafu ukazungushwa mara mbili tatu, ukitokea juu ya kijiti.

Nikazipatanisha kuanzia ule mnene: mi, la, re, sol, si, mi, kisha subira. Nailoni mpya hurefuka. Siku ya kwanza nilipatanisha mara kumi na zaidi, siku ya nne mara mbili. Uzi wa tatu ndio uliochelewa kutulia, na mpaka sasa sauti yake ni ya kubweteka ukilinganisha na majirani zake, lakini hiyo ni tabia ya uzi wa tatu katika magitaa mengi ya nailoni na simlaumu fundi kwa hilo.

Baada ya hapo gitaa lilisema kweli. Sauti ya katikati imejaa, nyuzi za chini zina kina bila kuvuma, na katika chumba chenye kuta nene za matumbawe mpigaji mmoja anasikika hadi barazani. Juu ya freti ya 12 sauti inakonda, na funguo mbili za kukazia nyuzi ni ngumu hata baada ya kutiwa tone la mafuta. Kwa shilingi 34,000 nayakubali yote mawili.

Ambalo karakana yoyote isingeliweza kunikinga nalo ni masika. Magitaa hupenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Kipimo changu cha ukutani kilikaa juu ya 80 mwezi wa Mei. Mbao zilinywa, uso ukafura, na uzi wa sita ukafika milimita 4.5 juu ya freti ya 12, vijana wakaanza kukunja nyuso. Ukipunguza mfupa wa daraja milimita moja, nyuzi hushuka nusu tu pale kwenye freti ya 12. Sikuugusa mfupa wa fundi. Nilichonga mwingine kutoka mfupa wa ng'ombe, nikausugua kwa msasa uliolazwa juu ya kioo hadi ukawa mfupi kwa milimita moja, nikautia mahali pake, na nyuzi zikarudi zilipokuwa. Ule wa awali nimeufunga kitambaa nikautia katika mfuko wa mkoba wa gitaa, ukisubiri Kaskazi ya Desemba.