Carmaux na Cagnac-les-Mines: mgodi uliooga, na jiko lililofungwa saa nane

Naanza na lawama ili niimalize. Ukifika mji mdogo wa kusini mwa Ufaransa saa nane na dakika tano mchana, huli. Tuliingia mgahawa mmoja wa Carmaux, sahani za watu bado ziko mezani, mhudumu akatutazama, akatazama saa, akasema jiko limefungwa. Hata omleti? Hata omleti. Baba Mkubwa alikuwa na wiki tatu tu tangu atoke Geita na hajazoea kuona mtu akirudishwa mlangoni penye chakula. Aliniuliza kwa sauti ya chini: "Mwanangu, umewasalimia vizuri kweli?"

Kilichotuokoa ni mfuko wa échaudé nilioununua asubuhi kwenye duka la mikate, nikidhani nawapelekea watoto. Ndiyo biskuti ya Carmaux: kavu, ya pembe tatu, ina anisi ndani, ile harufu ya jamii ya shamari. Donge linachemshwa kwanza kwenye maji, ndipo linaingia oveni. Kula moja bila kinywaji ni kazi. Tulikaa kwenye benchi tukatafuna, tukishushia na maji ya chupa. "Hii inataka chai ya maziwa," Baba Mkubwa alisema, akachukua ya tano.

Sasa sababu ya safari. Mimi naishi Toulouse, na kila mgeni anayenitembelea nampeleka Albi kuona kanisa kuu la matofali mekundu. Baba Mkubwa aliliangalia, akalisifu kwa heshima, akauliza kama kuna kitu kingine. Amechimba dhahabu Nyarugusu, huko kwao Geita, zaidi ya miaka ishirini kabla magoti hayajamkatalia. Nikakumbuka kwamba treni ile ile ya Toulouse ikitoka Albi inaendelea hadi Carmaux, mji wa makaa ya mawe. Hapo walichimba tangu enzi za wafalme hadi mwaka 1997. Na jumba la makumbusho ya mgodi liko Cagnac-les-Mines, kijiji jirani. Kama huna gari, panga usafiri wa kutoka stesheni mapema. Sisi tulichukua teksi, na nauli yake ilinifanya nifikirie tiketi ya treni kwa upendo.

Cagnac ndiyo ninayoisifia. Unateremka kwenye njia za mgodi zilizojengwa upya na wachimbaji wenyewe, na unapita kutoka zama za sururu hadi zama za mashine. Ziara ni ya kuongozwa, kwa Kifaransa, kwa hiyo nilitafsiri njia nzima. Kiongozi wetu alikuwa binti mwenye sauti ya kutosha na subira ya kutosha. Nampa nyota zote, maana Baba Mkubwa si mgeni mwepesi. Hatua kumi za mwanzo alisimama, akanusa.

"Hapa hapajachimbwa," akasema.

Nilitafsiri kwa aibu. Binti akacheka, akakubali: ndiyo, ni mfano, umejengwa ili watu waone. Baba Mkubwa akatikisa kichwa, hakukasirika. Alichokosa ni harufu. Hakuna jasho, hakuna moshi wa baruti, hakuna maji yanayokudondokea shingoni. "Huu mgodi umeoga," aliniambia, na kweli, sakafu ni safi kuliko jikoni kwangu.

Halafu tukafika kwenye matimba.

Ni magogo yaliyosimamishwa kushikilia dari, gogo la juu likilalia mawili ya pembeni, kama duara zetu, yale mashimo ya wachimbaji wadogo, zinavyotimbiwa. Baba Mkubwa aliliendea la kwanza, akaligonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Akapita kwenye la pili. Akapitisha kiganja pale gogo la juu linapokaa juu ya la chini, akatafuta mkato kwa kidole gumba. Kundi zima lilikuwa limesimama likimtazama, Wafaransa kumi na wawili na mtoto mmoja aliyechoka. Binti akaendelea na maelezo: baadaye chuma kilikuja, lakini wazee wengi waliendelea kupenda mbao. Akauliza kundi, nani anajua kwa nini?

Sikuwa nimetafsiri bado. Baba Mkubwa, mkono ukiwa juu ya gogo, akajisemea tu: "Hili linalia."

Lilikuwa ndilo jibu. Mti ukielemewa unalia kabla haujavunjika, na mtu mwenye masikio anapata sekunde za kukimbia. Chuma hakikuagi. Nilipomweleza binti mzee amesema nini, alinyamaza kidogo, kisha akamwomba asimame mbele, karibu naye. Kuanzia hapo ziara ilikuwa na viongozi wawili, na mimi katikati nikihangaika kutafuta Kifaransa cha "kifusi".

Mjini Carmaux kwenyewe usitegemee makubwa. Maduka kadhaa yamefunga milango, na si kwa ajili ya chakula cha mchana. Lakini simama kwenye uwanja wenye sanamu ya Jean Jaurès, mwanasiasa wa kisoshalisti, iliyozinduliwa mwaka 1923. Hadithi yake nilimsimulia Baba Mkubwa tukimalizia biskuti. Mwaka 1892 wakazi walimchagua mchimbaji mwenzao, Calvignac, kuwa meya. Kampuni ya mgodi ikamfukuza kazi, eti anakosa zamu kwa shughuli za umeya. Wenzake wakaweka zana chini miezi zaidi ya miwili hadi akarudishwa. Jaurès, mwalimu wa falsafa, aliwatetea gazetini. Mbunge wa hapo alikuwa Solages, mtu wa ukoo wenye mgodi, naye akajiuzulu kiti. Januari 1893 Jaurès akakichukua.

"Bosi wa mgodi ndiye mbunge?" Baba Mkubwa aliuliza. Ndiye. Akaguna ile guno ndefu ya Kisukuma ambayo sijui kuiandika.

Jioni tulipitia Cap'Découverte. Ni shimo la mgodi wa wazi, kina chake zaidi ya mita 200, na tangu 2003 ni bustani ya michezo: kuna ziwa chini, kuna kamba za kuteleza hewani. Kwa watoto, sawa. Mimi nilichoka baada ya nusu saa, na kupanda kurudi juu si mchezo. Baba Mkubwa alitazama yale magari makubwa ya mgodi yaliyoachwa kama maonyesho, kisha akatazama watu wanaoogelea. Kwetu shimo likiachwa, tunakataza watoto wasisogelee. Alikaa ukingoni muda mrefu bila kusema neno, nami sikumharakisha.

Kwa hiyo: Cagnac nyota tano, Carmaux tatu kwa ajili ya ule uwanja, Cap'Découverte mbili kama huna watoto. Nendeni asubuhi, angalieni kwanza saa za kufungua kwa sababu hubadilika na msimu, na kuleni kabla ya saa saba na nusu. Duka la mikate lilifunguliwa tena saa kumi. Baba Mkubwa aliingia mwenyewe, akasema "bonjour" mara mbili ili asikosee salamu, akanyoosha vidole viwili. Mifuko miwili. Mmoja wa Nyarugusu, alisema, kwa wale waliobaki shimoni, maana hii hata ikikaa mwezi haiozi.