Kozi ya ustesheni masta: darasani safi, fildi nimetukanwa kwa sababu ya taa

Mnaoulizia kozi ya reli ya serikali, hii ya usimamizi wa stesheni, mambo ya ada na sifa za kujiunga na muda ulizeni chuoni mtajibiwa. Mimi naeleza kitu ambacho kwenye fomu hakipo, na naeleza nikiwa bado nina hasira, imeshapita miezi lakini nikisikia honi ya treni ya mizigo usiku moyo unarudi palepale.

Ili mnielewe lazima niwaambie kwanza habari ya taa ya nyuma. Treni ikiingia stesheni husemi imefika mpaka uone kwa macho yako behewa la mwisho lina alama yake, usiku ni taa nyekundu. Ukiiona ndio unajua treni imekuja nzima. Maana kama kuna behewa limekatika likabaki huko porini, na wewe umeshampigia mwenzako wa stesheni ya nyuma kwamba njia nyeupe, anaachia treni nyingine, na hiyo nyingine inakuja kukutana na chuma kimesimama gizani. Reli ya Kati kwa sehemu kubwa ni njia moja, hakuna pa kukwepea. Ndio hivyo tu, taa moja ndogo.

Aliyetufundisha hilo ni mzee mmoja aliyekuwa gadi wa treni miaka mingi, na jamani huyu mzee Mungu ampe umri. Siku ya kwanza hakuandika chochote ubaoni, alituuliza nani anaijua Igandu. Kimya. Akatueleza taratibu, tarehe 24 Juni 2002, kule Dodoma, treni ya abiria breki zimegoma mlimani ikarudi nyuma kwa kasi mpaka ikagonga treni ya mizigo, watu 281 wakafa. Wengi wetu mwaka huo tulikuwa bado tunabebwa mgongoni. Toka siku hiyo darasa lake hakuna aliyechelewa. Jioni alikuwa anatutoa nje giza likiingia, anaficha kibati chekundu mbali huko nyuma ya miti, anakupa tochi, ukisema umekiona na hujakiona anakujua, anakurudisha mwanzo uanze upya hata mara nne. "Macho yako ndio sahihi yako," alikuwa anatuambia.

Basi mimi na haya yote kichwani nikapelekwa fildi, stesheni moja ya njiani kwenye reli ya zamani, jina naliacha.

Usiku ule ikaingia treni ya mizigo, mabehewa ishirini na kitu, kichwa kikapita ofisi kikasimama mbele huko na mkia ukabaki kwenye kona nyuma ya vichaka. Mimi ndio nimeshika kitabu cha kuandikia treni zinazofika, supavaiza amekaa kwenye kiti pembeni. Stesheni ya nyuma wanapiga simu, wana treni ya abiria inasubiri njia. Supavaiza akaniambia, "Binti, andika imefika, wape njia."

Nikamwambia, "Mzee samahani, taa ya nyuma sijaiona, mkia umeishia kwenye kona."

"Nimesema andika."

"Nipe dakika tano tu mzee niende nikaangalie."

Aisee. Yule baba aliinuka akaanza kufoka, dirisha liko wazi, nje kuna abiria wamelala na mizigo yao na akina mama wanaouza chai, wote wameamka wanasikiliza. "Nyie watoto wa darasani ndio mnakuja kutufundisha kazi? Kitabu hicho nimeanza kukiandika mama yako hajaolewa! Wanawake mnaletwa huku kufanya nini?" Na mengine ambayo siyaandiki. Simu inalia, yeye anafoka, mimi nimeshika peni mkono unatetemeka, na namshukuru Mungu sikuandika. Nilichukua tochi nikatoka.

Kutembea juu ya kokoto usiku ubavuni mwa treni mtu asikwambie ni kitu rahisi, miguu inateleza, mabehewa yanalia ki ki ki yakipoa, unahesabu moja moja na unawaza kama nyoka yupo basi yupo. Nikafika mwisho. Taa ilikuwepo. Inawaka vizuri, kioo tu kimejaa vumbi. Nikaigusa kabisa kwa mkono, sijui kwa nini, nikarudi nakimbia.

Nimeingia ofisini nahema namwambia mzee taa ipo, akaangalia nje kwa wale akina mama akasema kwa sauti, "Haya, ameiona! Karidhika sasa!" Watu wakacheka. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma mpaka leo kuliko matusi. Kwamba kwa sababu taa ilikuwepo basi mimi ndio mjinga. Jamani kwani ninakwenda kuangalia ili nikute haipo? Naenda ili nijue! Ile treni ya abiria iliyokuwa inasubiri ilikuwa na watu, na watoto wamelala kwenye viti, zile dakika zimepotea kwa ajili yao.

Ripoti yangu ikaandikwa "mbishi, hashauriki". Nikaipeleka chuoni nikitegemea mtu atasimama na mimi, ofisi ikaniambia mwanangu kule kuna wazee wana taratibu zao, ungesaini tu ukamaliza fildi yako salama. Salama ya nani sasa? Nilitoka pale nimesema nitamwambia kila mtu asiende hii kozi, apeleke hela yake kwingine, na kwa kweli kuna watu wawili niliwaambia hivyo.

Lakini nikikaa nafikiria naona nitakuwa nimemwonea yule mzee wa kibati chekundu. Mtu kama yule hupati kwingine, na nisingekuwa nimepita kwake ningeandika tu kama nilivyoambiwa, ningeogopa zile kelele. Halafu wengi wanaoomba siku hizi macho yote yako kwenye treni ya umeme ya Dar na Dodoma, sawa ni nzuri, hata mimi nimeipanda nikafurahi, ila ile reli ya zamani inabeba watu na mizigo mpaka Kigoma na Mwanza, na huko ndiko yule supavaiza amekaa na kitabu. Nani anakwenda kukaa badala yake kama sisi wote tunakimbia? Kwa hiyo hapana, nafuta nilichosema mwanzo. Au nusu nafuta. Darasani nendeni hata kesho, fildi chuo kinatakiwa kione aibu.

Usiku ule ule jamaa wa pointi, yule anayegeuza njia za reli pale stesheni, aliniletea chai, hajaniangalia usoni, akasema polepole, "Dada umefanya sawa, ila siku nyingine usimwambie, wewe toka tu uende." Nilikunywa nikalia.

Mdogo wangu juzi kaniletea fomu nimwangalizie kama amejaza vizuri. Nimemrekebishia palipokosewa nikamrudishia, na tochi yangu nimempa.